Maswali ya Wasomaji: Yale Maneno ya Kiitaliano Kwenye Karatasi za Noti

Barua za mwezi huu karibu zote zinalalamikia kitu kimoja, yale maandishi madogo ya mlazo yanayokaa juu na chini ya noti za muziki. Nimechagua chache, zinazofanana nimeziunganisha, msinune.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtu mzima, nimeanza kinanda ukubwani, sasa mwalimu wangu kanipa orodha ya maneno zaidi ya mia moja ya kukariri kwa ajili ya mtihani wa nadharia. Nimeyaandika kwenye daftari, kushoto Kiitaliano kulia maana yake, nasoma usiku asubuhi yameshayeyuka, na ritardando, rallentando na ritenuto kwangu ni ndugu watatu sura moja siwezi kuwatofautisha. Kuna njia nyingine au kichwa ndo kimezeeka? – Mwanafunzi wa Jioni

JIBU: Marahaba. Kichwa hakina shida, shida ni hilo daftari. Orodha ya kushoto na kulia inakufanya uone kila neno limesimama peke yake, wakati haya ni maneno ya kawaida ya lugha ya watu, yana mzizi na yana vibandiko kama ya kwetu tu. Anayejifunza Kiswahili hakariri anapika, walipika, tutampikia kama maneno matatu tofauti, anajua pika halafu anajua vinavyobandikwa mbele na nyuma. Fanya hivyohivyo.

Kibandiko cha kwanza ni -ando na -endo mwishoni. Hiyo ni -ki- yetu, basi. Crescendo ni ikikua, diminuendo ikipungua, accelerando ikiharakisha, ritardando ikichelewa, smorzando ikizimika, morendo ikifa, na perdendosi, ambalo mimi nalipenda kuliko yote, ni ikijipoteza. Ukiona mkia huo jua jambo liko njiani linatokea, halijafika. Ndo maana nakereka sana mtu akisema "wimbo ulipofika kwenye crescendo". Unafikaje kwenye ikikua? Crescendo ni njia yenyewe, na pale neno lilipoandikwa ndipo sauti inatakiwa iwe bado ndogo. Hili kosa utalisikia kwenye kwaya nyingi mno, wanaona cresc. wote wanafungulia koo palepale, mstari haujafika nusu hakuna tena pa kupanda, halafu kiongozi anabaki kupunga mikono kama anafukuza nyuki.

Kibandiko cha pili ni -ato, -uto, -ito. Hiyo ni -me-, jambo limeshafanyika. Legato imefungwa pamoja, yaani noti zimeunganishwa bila pengo, staccato imebanduliwa, marcato imetiwa alama, sostenuto imeshikiliwa, pizzicato imedonolewa (wale wa fidla wanaacha upinde wanadonoa uzi kwa kidole), na rubato imeibwa, maana mpigaji anaiba muda kidogo kwenye noti moja na kuurudisha mbele ya safari, au asirudishe, inategemea na mpigaji. Hata majina ya aina za muziki yamo humu: sonata ni iliyopigwa, cantata ni iliyoimbwa, toccata ni iliyoguswa.

Sasa rudi kwa ndugu zako watatu. Ritardando na rallentando zina mkia wa -ki-, kwa hiyo mwendo unapungua taratibu, na tofauti kati ya hizo mbili ni ndogo kiasi kwamba kwenye kinanda chako usijisumbue nayo. Ritenuto ina mkia wa -me-, imezuiliwa, yaani unapunguza papo hapo bila kunyemelea. Ila ujihadhari na kifupisho rit., mara nyingi ni ritardando, ritenuto wenye uangalifu wanaiandika riten. ili usikosee.

Halafu kuna -issimo ambayo ni "sana", na -ino au -etto ambayo inapunguza makali, kwa hiyo ukijua piano ni sauti ndogo na forte ni sauti kubwa, pianissimo na fortissimo umeshazipata bure, na allegretto unajua ni allegro (mwendo wa kuchangamka) iliyotulizwa kidogo.

Yanayobaki ni maneno madogo, na hayo ndiyo ningekushauri uanze nayo kabla ya yote kwa sababu yanarudi kila ukurasa: poco kidogo, molto sana, più zaidi, meno pungufu, con kwa au pamoja na, senza bila, ma lakini, non troppo isizidi, subito ghafla, e ni "na", al ni "hadi". Ukiwa nayo chukua mstari kama huu ambao utaukuta mwisho wa nyimbo nyingi: *poco a poco rit. e dim. al fine*. Usiutazame kama mdudu mmoja mrefu, ukate. Poco a poco, kidogo kidogo. Rit., ikichelewa. E, na. Dim., ikipungua. Al fine, hadi mwisho. Umeshasoma sentensi nzima ya Kiitaliano na hujafungua daftari.

Mazoezi yafanyie kwenye nyimbo zilizo mbele yako sasa hivi, sio kwenye orodha. Andika Kiswahili kwa penseli juu ya neno, baada ya wiki futa, uone kama vidole vinakumbuka. Na shika mstari mmoja tu unaoujua hata gizani, upige legato, halafu staccato, halafu anza piano upande crescendo mpaka forte, huku ukilitamka neno kwa sauti kabla ya kuanza. Neno ambalo mkono umelifanya halitoki kirahisi. Mimi mwenyewe niliona V.S. chini ya ukurasa kwa miezi nikidhani ni herufi za jina la mchapaji, mpaka siku moja kwenye kundi wenzangu wote wakageuza karatasi chap, mimi nimebaki nakodolea macho ukurasa ulioisha. Volti subito, geuza haraka. Sijawahi kuisahau tena.

SWALI: Kwani kwa nini iwe Kiitaliano? Si wangeandika tu kwa lugha wanayoijua wengi? – Mdadisi

JIBU: Waitaliano waliwahi kuliko wenzao, ndugu yangu, ndo jibu lenyewe. Mwaka 1501 Ottaviano Petrucci alichapa kule Venice kitabu cha kwanza kikubwa cha nyimbo za sauti nyingi kwa herufi za chuma zinazohamishika, na uchapaji wa muziki ukashamiri mjini hapo. Mwaka 1597 Giovanni Gabrieli, naye wa Venice, akachapa kipande ambacho ndani yake amewaambia wapigaji wazi wapi wapige piano na wapi forte, mambo ambayo kabla ya hapo wapigaji walikuwa wanayaamua wenyewe. Karibu na 1600 opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, ikazaliwa Florence. Halafu ni mjini humohumo Bartolomeo Cristofori, mtunza vinanda wa ukoo wa Medici, alitengeneza kinanda kinachoweza kupiga kwa sauti ndogo na kubwa kufuatana na nguvu ya kidole, mpaka mwaka 1700 kilikuwa kimeshaorodheshwa kwenye mali za ukoo huo. Wakakiita kinanda chenye piano na forte, baadaye pianoforte, sisi tumebaki na nusu ya jina, yaani tunakiita "sauti ndogo".

Waimbaji na wapigaji wa Italia wakawa wanaajiriwa kwenye majumba ya wafalme Ulaya nzima, wakaenda na maneno yao. Mtunzi Mjerumani kama Bach alipokuja kuandika mwanzoni mwa karne ya 18, maneno yalishazoeleka, akayatumia. Ni kama ufundi wowote, anayewahi kuufanya ndiye anayetia majina.

SWALI: Mwalimu tusuluhishe. Kwenye kwaya yetu mwenzangu anasema "sherzo", mimi nasema "skerzo", tumewekeana dau. Na crescendo ni "kresendo", "kreskendo" au nini? – Besi wa Safu ya Nyuma

JIBU: Dau ni lako, karibu lote. Scherzo inatamkwa "skertso", maana yake mzaha, na kweli muziki wenyewe mara nyingi una utani utani. Crescendo ni "kreshendo".

Kanuni ni chache na nyie wazungumzaji wa Kiswahili mmependelewa, irabu za Kiitaliano zinaandikwa kwa herufi zilezile tano zetu na matamshi yake yako jirani kabisa na yetu, na maneno yao karibu yote yanaisha kwa irabu kama ya kwetu. Kazi iko kwenye konsonanti. C ikifuatwa na e au i inakuwa "ch" yetu, kwa hiyo dolce ni "dolche" na cello ni "chelo". Ikifuatwa na a, o, u au konsonanti inakuwa k. Kinachochanganya ni kwamba wao wakiandika ch wanasema k, kinyume chetu kabisa, hapo ndipo scherzo imemnasa mwenzako. Sc kabla ya e au i ni "sh". G kabla ya e au i ni j, kwa hiyo adagio ni "adajo", ile i ipo kulainisha tu haitamkwi. Z nyingi ni "ts", pizzicato "pitsikato", lakini mezzo ni "medzo", hiyo kubali tu usiulize.

Kuna mtego mmoja wa kwetu wenyewe ambao sisikii watu wakiusema. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na Waitaliano mara nyingi hivyohivyo, allEgro, andAnte, legAto, unateleza tu. Sasa ukikutana na maneno yao yanayokaza ya tatu kutoka mwisho unayavunja bila kujua. Wanasema pianIssimo sio pianissImo, sUbito sio subIto, cantAbile sio cantabIle. Jirekodi kwenye simu ukisema fortissimo mara tano, utajishangaa.

SWALI: Nimepewa karatasi za zamani zilizochapwa Ujerumani, kuna noti inaitwa H! Nilijua zinaishia G. Tena rafiki yangu kaleta nyingine ya Kifaransa inasema wimbo uko "Si bémol", mimi kwa solfa niliyosoma kwaya si hata siijui, najua ti. Nimechanganyikiwa. – Kinanda Kimoja Lugha Tatu

JIBU: Pole, hapa umeingia msituni kweli, twende polepole.

Wajerumani wanachoita B ni kile kibonyezo cheusi kati ya A na ile unayoiita B wewe, yaani B flati yako. Na ile B yako nyeupe wao ndiyo H. Inaelezwa kuwa zamani kulikuwa na b ya duara na b ya pembe kwa noti hizo mbili, ile ya pembe ikaja kufanana na h na ikabaki hivyo. Faida yake ni kwamba Bach aliweza kuliandika jina lake kama noti, B, A, C, H, na akafanya hivyo kwenye ile kazi yake kubwa ya fuga (muziki ambao sauti zinaingia mojamoja zikifuatana kwa wazo lilelile) ya mwisho wa maisha yake. Chukua kinanda upige B flati, A, C, B, utasikia jina la mtu.

Kwa mengine ya Kijerumani, mkia -is ni shapu (noti imepandishwa nusu hatua) na -es ni flati (imeshushwa nusu hatua): Fis, Cis, Des, Ges. E flati inakatwa inakuwa Es na A flati inakuwa As. Dur ni meja, moll ni maina, zile aina mbili kuu za ngazi ya noti. Na wakianza kukuandikia mwendo, kama mtunzi wao Schumann alivyopenda kufanya, langsam ni taratibu, schnell ni haraka, lebhaft ni kwa uchangamfu. Nicht zu schnell ni isiende mbio sana, na ukiilinganisha na allegro ma non troppo utaona wameogopa kitu kilekile.

Kwa Wafaransa, na Waitaliano na Wahispania pia, do, re, mi ni majina ya noti zenyewe na hayahami. Do ni C daima, uwe kwenye ki (ufunguo wa wimbo) yoyote. Solfa yako ya kwaya ni nyingine, hiyo do yake inahama, popote wimbo ulipo do ni nyumbani kwake. Silabi ni za Guido wa Arezzo, mtawa wa karne ya 11, alizitoa kwenye wimbo wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji ambao kila kifungu kinaanza noti moja juu zaidi: ut, re, mi, fa, sol, la. Ut baadaye ikawa do, si ikaongezwa. Sasa kule Uingereza karne ya 19 mwalimu Sarah Glover akaona si na sol zote zinaanza na s, ukitaka kuandika kwa herufi mojamoja zinagongana, akaweka ti, na John Curwen akaichukua njia hiyo akaitengeneza na kuisambaza. Kwa hiyo "Si bémol" ya rafiki yako ni B flati tu, yaani B ya Mjerumani. Umeona sasa? Noti moja, majina matatu, na hakuna aliyekosea.

Aliyeuliza pia kuhusu crotchet na wenzake: hayo ni majina ya Waingereza kwa urefu wa noti, Wamarekani wanahesabu mafungu kama sisi tunavyoweza kusema nzima, nusu, robo, thumni. Mimi nasema fuata mafungu. Crotchet ya Mwingereza ni robo, wakati croche ya Mfaransa, neno la ukoo uleule linalohusu kindoano, ni thumni. Halafu kuna breve, maana yake fupi, ambayo leo ndiyo ndefu kuliko noti nzima. Muziki una mambo.

SWALI: Andante ni haraka au taratibu? Kila mtu ananiambia lake. – Nusu Mwendo

JIBU: Ni kutembea. Inatoka kwenye andare, kwenda, na ile -ante ni "anayekwenda". Metronomu nyingi za kizamani, vile vifaa vya kugongea mapigo, zimeandika Andante kati ya mapigo 76 na 108 kwa dakika, hapo mtu mrefu na mtu mfupi wote wametembea. Na wanaokuchanganya usiwalaumu, andantino iliwahi kumsumbua Beethoven mwenyewe, mwaka 1813 alimwandikia mchapishaji wake wa Scotland, George Thomson, kumuuliza anamaanisha iende haraka kuliko andante au taratibu kuliko andante, maana watu walikuwa wanaitumia kwa namna zote mbili. Leo wengi wanaichukua kama haraka kidogo. Metronomu ya Maelzel ilipotoka, ilisajiliwa 1815, Beethoven aliifurahia, na 1817 alilalamika kwamba allegro maana yake ni furaha wakati mara nyingi kipande chenyewe hakina furaha yoyote. Alikuwa na haki. Haya maneno mengi hayakuwa ya spidi, yalikuwa ya hali ya moyo: largo ni pana, adagio ni kwa raha zako. Kwa hiyo ukiona Allegro jiulize kwanza imechangamkaje, namba itajileta.

SWALI: Mtu kaniambia alto kwa Kiitaliano ni "juu". Mbona sisi akina mama wa alto tuko chini ya soprano? – Mama wa Alto

JIBU: Shikamoo mama, kakuambia kweli. Zamani sauti ya kushikilia wimbo mkuu ilikuwa teno, kutoka neno la Kilatini la kushika, na hiyo iliyokuwa juu yake ikaitwa ya juu, alto. Soprano ikaja kukaa juu ya wote, jina lake limetoka kwenye sopra, juu ya. Nyie hamkushuka, ni nyumba iliongezwa ghorofa.

SWALI: Kwa nini tusiyatafsiri yote kwa Kiswahili tukamaliza? – Mzalendo wa Noti

JIBU: Mazoezini tafsiri kabisa, mimi nikiongoza sisemi diminuendo, nasema "zima taa taratibu" na wanaelewa haraka zaidi. Ila kwenye karatasi nayaacha, kwa sababu ile karatasi kesho itasomwa na mtu ambaye Kiswahili hajui na ya kwake itakuja kwangu. Labda kwa kazi mpya tunazotunga wenyewe, hapo andika "ikijipoteza" na nitakuwa wa kwanza kukupongeza.

SWALI: Rafiki yangu aliyeishi Italia anacheka kila nikisema fermata. Nimekosea nini? – Wa Mwisho Kuacha

JIBU: Hujakosea. Lile jicho, nukta chini ya upinde, linalosema shikilia noti, kwenye vitabu vingi vya Kiingereza ni fermata, kusimama. Waitaliano wenyewe kwenye muziki wanapenda kuliita corona, taji, kwa sababu ya sura yake, na fermata kwao ni kituo cha basi. Sasa mwambie asicheke sana, maana kote kuwili unasimama unamtazama mtu mmoja mpaka aamue kuondoka.